Astrolabu ya Baharia Katika Karakana ya Nyumbani

Astrolabu ya baharia ni duara zito la shaba linaloning'inizwa kwa pete. Katika karne za 16 na 17 marubani wa Ureno na Hispania walilitumia kupima kimo cha jua wakiwa katikati ya bahari, wasione nchi kavu upande wowote. Halina lenzi, halina springi, halina gia hata moja. Lina pete ya kushikia, duara lenyewe lililopigwa mistari ya digrii, rula inayozunguka kwenye kitovu, na vibao viwili vidogo vyenye matundu vilivyosimama juu ya rula hiyo. Basi. Kwa kuwa sehemu zake ni chache, fundi mwenye karakana ndogo nyumbani, yenye mashine ya kukereza, keekee ya kusimama, jiliwa na tupa za kutosha, anaweza kulitengeneza upya tangu bamba la shaba hadi siku ya kulipeleka juani. Na hapo ndipo atakapojua kwa vidole vyake jambo ambalo kitabu hulitaja kwa sentensi moja: upana wa unywele kwenye shaba ni maili kadhaa baharini.

Jina la astrolabu ni la zamani kuliko chombo hiki cha baharini. Wanafalaki wa Kigiriki, na baada yao wa ulimwengu wa Kiislamu, walikuwa na astrolabu ya nchi kavu: sahani nyembamba ya shaba iliyochorwa ramani ya anga, ya kujulia saa, kutafutia nyota na kupangia nyakati za swala. Nyuma ya sahani hiyo kulikuwa na duara la digrii na rula ya kulengea. Baharia hakuhitaji ramani ya anga. Alichukua kazi ya upande wa nyuma peke yake, akaitengenezea chombo kizito zaidi, na baadaye akakitoboa mianya mikubwa ili upepo upite.

Haja ya chombo hicho ilizaliwa kwenye pwani ya magharibi ya Afrika, Wareno walipokuwa wakishuka kusini katika karne ya 15. Baharia wa kaskazini alizoea kupima kimo cha Nyota ya Kaskazini. Kadiri alivyokwenda kusini, nyota hiyo ilizidi kushuka. Karibu na ikweta ikagusa upeo wa macho, na kusini yake ikapotea kabisa. Ikabidi jua lishike nafasi yake. Lakini jua nalo halitulii: mwezi Juni hufika kaskazini ya ikweta kwa digrii 23.4, na mwezi Desemba hufika kusini kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo rubani alihitaji chombo cha kupima kimo cha jua la saa sita mchana, na pia majedwali ya kumwambia jua liko wapi katika kila siku ya mwaka. Majedwali ya mwanafalaki Myahudi Abraham Zacuto yalichapishwa Leiria, nchini Ureno, mwaka 1496. Mwaka uliofuata Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon.

Novemba 1497, kabla ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, da Gama alishuka nchi kavu katika Ghuba ya St Helena, iliyo Afrika Kusini ya leo, ili apime jua. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros, aliyechapisha juzuu yake ya kwanza mwaka 1552, anaeleza kwamba chombo kilichotumika kilikuwa astrolabu ya mbao yenye upana wa shibiri tatu, iliyotundikwa kwenye miti mitatu iliyosimamishwa kama mafiga marefu. Aprili 1498, baada ya kupita Mombasa, alifika Malindi na kupata rubani wa kumvusha hadi India. Barros anasema kwamba rubani huyo alipoonyeshwa astrolabu ya mbao na nyingine za madini hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa marubani wa Bahari ya Shamu walikuwa na vyombo vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota. Bahari ya Hindi ilikuwa pia na kamal, kibao cha mti chenye uzi wa mafundo. Rubani alibana fundo kwa meno, akanyoosha uzi, akakiweka kibao kati ya upeo wa macho na nyota, na hesabu ya mafundo ikamwambia yuko wapi. Wageni na wenyeji walikuwa na elimu ile ile ya anga. Kila upande ulikuwa na zana zake.

Kielelezo cha kale cha astrolabu ya baharia kimetoka kwenye maji ya Oman. Mei 1503, meli Esmeralda ya Vicente Sodré, mjomba wake da Gama, ilizama kwa dhoruba kando ya kisiwa cha Al Hallaniyah, kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 2014 wapiga mbizi wa akiolojia waliokuwa wakichunguza mahali hapo waliibua sahani ya madini yenye upana wa milimita 175, unene usiofika milimita 2 na uzito wa gramu 344, ikiwa na nembo ya kifalme ya Ureno. Kwa macho haikuonekana kuwa na mistari. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walipoikagua kwa miali ya leza, wakaona alama 18, moja kwa kila digrii 5, toka upeo wa macho hadi utosini. Sahani hiyo inakadiriwa kutengenezwa kati ya 1496 na 1501.

Astrolabu zilizokuja baada ya hiyo zina umbo jingine. Badala ya sahani nzima ni gurudumu lenye miimo minne, nene, na sehemu ya chini imeachwa na madini mengi zaidi kuliko ya juu. Sababu zake ni za baharini kabisa. Sahani nzima hupigwa na upepo kama tanga. Gurudumu lenye mianya huuacha upepo upite. Chombo chepesi huyumba kila meli inapolala upande. Chombo kizito, chenye uzito wake chini, hurudi wima upesi. Umbo hili la gurudumu ndilo linalomfaa zaidi fundi wa nyumbani, maana kila kipande chake kina sababu, na sababu hizo hujieleza zenyewe wakati wa kazi.

Jinsi linavyotumika ni rahisi kueleza. Mpimaji hushika pete kwa mkono mmoja, akaliacha duara lining'inie bila kuguswa, akalielekeza ubavu wake kwa jua. Kisha huzungusha rula mpaka mwali wa jua upite kwenye tundu la kibao cha juu na kuangukia tundu la kibao cha chini. Halazimiki kulitazama jua, na hapaswi kulitazama. Anachotazama ni nukta ya mwanga juu ya kibao. Ncha ya rula ndiyo inayosoma digrii. Kipimo huchukuliwa jua likiwa juu kabisa kwa siku hiyo. Baada ya hapo ni hesabu: umbali wa jua toka utosini huunganishwa na nafasi ya jua iliyomo kwenye jedwali, na jibu ni latitudo, yaani umbali wa meli kaskazini au kusini ya ikweta.

Kabla ya kuwasha mashine, fundi anapaswa kukaa na karatasi na kupiga hesabu nyingine, ambayo itatawala kila atakachofanya. Astrolabu yenye upana wa sentimita 18 huwa na mistari yake umbali wa milimita 85 hivi toka kitovuni. Katika umbali huo, digrii moja ina upana wa milimita moja na nusu. Juu ya uso wa dunia, digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini, sawa na kilomita 111. Maana yake ni kwamba kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye shaba ni maili 4 baharini, au kilomita 7 na nusu. Unywele wa kichwani ni mwembamba kuliko hapo, na bado unafunika kilomita 5. Fundi aliyeipiga hesabu hii mwenyewe hatahitaji kuambiwa na mtu kwamba kazi ni ya kuangaliwa. Shaba yenyewe itamwambia.

Nyenzo ni shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mafundi wa Lisbon na Seville waliisubu: walichonga kielelezo cha mbao, wakakifukia kwenye mchanga wenye unyevu, wakakitoa, kisha wakamimina shaba iliyoyeyuka katika nafasi iliyobaki, na baadaye wakamaliza kwa tupa. Mwenye tanuri anaweza kufuata njia hiyo. Asiye nalo atatafuta bamba lenye unene wa milimita 16 na upana wa sentimita 19 kila upande. Bamba la ukubwa huo lina uzito unaokaribia kilo 5, na zaidi ya nusu yake itaishia sakafuni ikiwa vumbi na vipande. Vipande hivyo havitupwi. Hukusanywa, maana shaba huyeyuka tena.

Shaba nyeupe hukatika vizuri, lakini ina tabia zake. Haitoi utepe mrefu kama chuma laini. Hurusha vijipande vyembamba kama sindano, na ndiyo maana miwani ya kazi haivuliwi mashine ikiwa inazunguka. Shaba ya kukereza huwa na risasi kidogo ndani yake, hivyo mikono huoshwa kabla ya kugusa chakula. Na keekee iliyonolewa kwa ajili ya chuma huingia kwenye shaba kwa pupa: meno yake hujivuta yenyewe, yakanasa, na kipande chote kikazungushwa kwa nguvu inayoweza kuvunja kidole. Dawa yake ni kuyafisha kidogo makali ya keekee kwa jiwe la kunolea, hadi kila ukingo uwe na kijibapa chembamba kisichozidi upana wa uzi. Keekee hiyo itakwangua badala ya kuchimba, na shaba itatulia.

Kazi yote ya duara hutoka kwenye kitovu. Tundu la katikati hutobolewa kwanza, likakerezwa hadi kipenyo cha milimita 10 kamili, na papo hapo, bamba likiwa bado limeshikwa vile vile kwenye mashine, ukingo wa nje na uso wa kupigia mistari hukerezwa pia. Kipande kisifunguliwe katikati ya kazi hiyo. Kikifunguliwa na kufungwa tena, hata kwa mkono mzoefu, kitovu kipya hakitakuwa kile cha mwanzo. Kitahama kidogo sana, na kuhama huko kutajificha ndani ya chombo siku zote. Kitovu cha rula kikiwa nje ya kitovu cha mistari kwa sehemu mbili za kumi za milimita, kosa lake linaweza kufika maili 8 baharini. Kuna tiba yake ya zamani, nayo ni rula yenye ncha mbili. Ncha ya juu ikizidisha, ya chini hupunguza. Zikisomwa zote mbili na kuchukuliwa wastani, kosa la kitovu hufutika. Tiba hiyo huhitaji mistari pia katika nusu ya chini, na kwa hiyo fundi anapaswa kuamua mapema.

Kupiga mistari ndiyo sehemu ya kazi inayotaka utulivu kuliko zote. Fundi wa kale alitumia bikari. Alichora duara, na bila kubadili upana wa bikari akatembea nao ukingoni. Hatua 6 humrudisha alipoanza, kwa hiyo kila hatua ni digrii 60. Nusu yake ni 30, nusu ya hiyo ni 15. Digrii 15 aligawa mara tatu kwa kujaribu na kurekebisha, kisha kila 5 akaigawa mara tano. Utaratibu huo una hekima ndani yake. Mtu anayeanza na hatua ndogo ya digrii moja na kuirudia mara 90 hulimbikiza kosa lake: likiwa dogo namna gani, mwishoni litakuwa limezidishwa mara 90. Anayegawa toka kubwa kwenda ndogo hufungia kosa ndani ya kila sehemu, lisivuke kwenda sehemu ya pili.

Karakana ya leo ina njia nyingine, ambayo ni kichwa cha kugawia. Ndani yake mna gia na parafujo, na kwa aina iliyoenea zaidi, mkono wa nje ukizungushwa mara 40 kipande cha kazi huzunguka mara moja. Hivyo mzunguko mmoja wa mkono ni digrii 9. Ili kupata digrii moja, mkono husogezwa sehemu moja ya tisa ya mzunguko: kwenye sahani yenye duara la matundu 18, hiyo ni nafasi 2 kamili, bila baki. Kila anaposogeza nafasi 2, fundi hufunga kichwa, akavuta kisu chenye ncha juu ya shaba toka ndani kwenda nje, na mstari mmoja huzaliwa. Mistari ya kila digrii 5 hurefushwa, ya kila 10 hurefushwa zaidi. Nusu ya juu ya duara, toka upeo wa macho wa upande mmoja hadi wa upande wa pili, huchukua mistari 181.

Kuna jambo moja ambalo huwaponza wengi hapo. Mkono ukipitiliza tundu lake, kishawishi ni kuurudisha nyuma kidogo tu hadi tundu linalotakiwa. Meno ya gia yana ulegevu, na kurudi kidogo huacha kipande pale pale ilhali mkono umesogea. Anayepitiliza hurudi nyuma nusu mzunguko au zaidi, kisha akaja mbele tena hadi mahali pake, ili meno yagusane upande ule ule kama kwa mistari yote iliyotangulia. Uhakikisho wa mwisho ni wa hesabu: baada ya mstari wa 181, mkono unapaswa kuwa umezunguka mara 20 kamili na kurudi kwenye tundu ulikoanzia. Ukikosa kurudi hapo, kuna mahali hesabu ilirukwa, na uso wote hukerezwa upya na kupigwa mistari tena. Hakuna namna nzuri ya kufuta mstari mmoja kwenye shaba.

Tarakimu hugongwa kwa mihuri ya chuma na nyundo, pigo moja kwa kila tarakimu, maana pigo la pili huacha kivuli. Pigo huinua shaba pembeni ya alama, na vinundu hivyo huondolewa kwa msasa laini uliofungwa kwenye kibao bapa. Baada ya hapo mianya minne hutobolewa: matundu mengi kandokando ya mstari, msumeno kati ya tundu na tundu, kisha tupa hadi kwenye alama. Mianya ya chini huachwa midogo kuliko ya juu, na tofauti hiyo ya madini ndiyo inayokifanya chombo kisimame wima.

Rula hukatwa kwa namna ambayo mstari wake wa kusomea, toka ncha hadi ncha, unapita katikati kabisa ya tundu la kitovu. Vibao viwili vya kulengea ndivyo vinavyobeba usahihi uliobaki. Kama vikitengenezwa kimoja kimoja na kutobolewa kimoja kimoja, urefu wa matundu yake toka kwenye rula hautalingana. Vibao vikiwa umbali wa milimita 100, tofauti ya sehemu moja tu ya kumi ya milimita ni zaidi ya maili 3. Kwa hiyo vipande viwili vya shaba hubanwa pamoja kwenye jiliwa vikiwa kama kitu kimoja, vikapigwa tupa pamoja, vikatobolewa kwa keekee ya milimita 1 mara moja, kisha vikatenganishwa na kusimamishwa kwenye rula upande ule ule vilivyokuwa. Hata keekee ikipinda kidogo njiani, nyuso zilizokuwa zimegusana zina tundu mahali pamoja, nazo ndizo zinazowekwa zikitazamana.

Tundu la milimita moja halitoi nukta ya milimita moja. Jua lina upana wa nusu digrii angani, na katika umbali wa milimita 100 mwanga wake hutanuka hadi kufikia karibu milimita 2. Kwa hiyo tundu la chini huonekana likiwa limezungukwa na duara la mwanga, na kazi ya mpimaji ni kuhakikisha ukingo wa mwanga uliobaki una upana sawa pande zote. Jicho la binadamu ni hodari sana katika kazi hiyo. Huweza kutambua duara lililokaa upande muda mrefu kabla ya kutambua mstari uliohama, na mafundi wa kale walilijua hilo.

Pete ya kuning'inizia huwekwa kwenye kishikizo kinachocheza pande mbili, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Hapo ndipo timazi huingia kazini. Uzi mwembamba wenye risasi hufungwa kwenye mhimili wa pete na kuachwa ushuke mbele ya duara. Unapaswa kupita juu ya mstari wa utosi, katikati ya kitovu, na juu ya alama ya chini. Ukiangukia kulia, upande wa kulia wa chini una madini ya ziada. Hupunguzwa kwa tupa, mikwaruzo michache kwa wakati, chombo kikaning'inizwa tena na kutazamwa tena. Kazi hii haina haraka. Shaba iliyoondolewa hairudi, na anayekwangua kupita kiasi hulazimika kuhamia upande wa pili, akizidi kukipunguzia chombo uzito kinaouhitaji.

Hata baada ya timazi kuridhika, kosa dogo hubaki, na njia ya kulifichua ni ya zamani kama chombo chenyewe. Jua hupimwa mara moja uso wa chombo ukiwa upande wa kushoto, kisha chombo hugeuzwa uso ukawa upande wa kulia, na jua likapimwa tena. Kama kitu chochote ndani ya chombo kimelala upande, kitazidisha kipimo cha kwanza na kupunguza cha pili kwa kiasi kile kile. Wastani wa vipimo viwili ndio ukweli, na nusu ya tofauti yao ndiyo kosa la chombo. Njia hii haihitaji chombo kingine kilicho bora zaidi cha kulinganishia. Astrolabu hujipima yenyewe kwa kugeuzwa, na hii ndiyo sababu mtu mwenye zana za kawaida anaweza kufikia usahihi unaozidi ule wa zana zake.

Jaribio la mwisho ni latitudo ya mahali panapojulikana. Dar es Salaam iko digrii 6.8 kusini ya ikweta. Tarehe 21 Juni jua liko digrii 23.4 kaskazini, na hufika juu kabisa mnamo saa 6 na dakika 25 mchana kwa saa za ukutani, kwa kuwa mji uko magharibi ya mstari ambao saa za Afrika Mashariki zimefungwa juu yake. Mpimaji huanza dakika 20 kabla. Mwanzoni jua hupanda na rula hulazimika kuinuliwa kila mara. Kisha huwa kama limesimama. Kisha nukta ya mwanga huanza kutoroka upande wa pili. Kimo kikubwa kuliko vyote ndicho kinachoandikwa. Tuseme upande wa kushoto unasoma 59.5 na wa kulia 60.1. Wastani ni 59.8. Ukiutoa katika 90 unapata 30.2, ambao ni umbali wa jua toka utosini. Jua likiwa kaskazini ya mpimaji, na 23.4 za umbali huo zikiwa ni za jua lenyewe kutoka ikweta, zinabaki 6.8, kusini. Vipande vya shaba na risasi ya timazi vimeitaja Dar es Salaam bila kuuliza ramani.

Matokeo mazuri namna hiyo ni ya nchi kavu, mpimaji akiwa ametulia na pete imetundikwa kwenye boriti. Juu ya meli mambo ni mengine. Rubani alisimama karibu na mlingoti mkuu, mahali ambapo mwendo wa meli ni mdogo zaidi, na bado duara liliyumba mkononi mwake. Kosa la nusu digrii ni kilomita 55, kiasi cha robo tatu ya njia ya kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar. Kwa sababu hiyo marubani walipima mara nyingi, siku baada ya siku, na walipoikaribia nchi kavu wakategemea pia bildi, rangi ya maji na ndege. Oktanti yenye vioo, iliyotangazwa London na John Hadley mwaka 1731, ilileta jua na upeo wa macho pamoja katika jicho moja, na yumbo la meli likapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kufikia wakati huo astrolabu ya shaba ilikuwa imekwisha kuachwa.

Kazi mbili hubaki kabla ya chombo kuwekwa kwenye sanduku lake. Ya kwanza ni kugonga nyuma ya duara mwaka kilipotengenezwa kweli, kwa tarakimu zinazosomeka na zenye kina kisichofutika kwa msasa. Shaba huchukua sura ya uzee upesi, na baada ya miaka 50 mtu asiyejua anaweza kuinunua nakala kama kitu kilichotoka baharini. Tarakimu 4 zinatosha kumkinga yeye, na kuzikinga pia zile chache za kale ambazo wanaakiolojia wanazitegemea. Ya pili ni kuandika kosa la chombo kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko: ongeza sehemu tatu za kumi za digrii uso ukiwa kushoto, punguza hizo hizo uso ukiwa kulia. Atakayekichukua chombo hicho siku nyingine, hata kama hakumjua aliyekitengeneza, ataweza kukipeleka juani na kupata jibu lililo sahihi.